Usiifungue Injini Kwanza

Kijana anayekuja gereji kwangu hapa Jinja kujifunza kazi, siku ya kwanza tu namkuta keshashika spana, macho kwenye silinda hedi. Namwambia aiweke chini. Trekta ndogo za bustani tunazoletewa ni kongwe kuliko yeye. Zina injini ya petroli ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, mara nyingi Briggs & Stratton au Kohler, na kila moja imeshapita mikononi mwa mafundi wengi. Nusu ya kazi yako ni kutafuta walichoharibu hao.

Mwaka juzi mwenye shamba mmoja wa upande wa Njeru alileta ya kwake, Briggs, juu ya pikapu. Gereji ya kwanza ilishamwambia injini imekufa: anunue pistoni na ringi, silinda ikachongwe. Alikuwa tayari anapanga safari ya Kisekka, soko la spea kule Kampala.

Nilichomoa waya wa plagi, plagi yenyewe nikaiacha mahali pake. Nikatoa bati la feni, nikaizungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa mkono kinyumenyume. Ilipokutana na kompreshoni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ikarudi kwa kishindo, kama mpira uliogonga ukuta. Ringi zilizokwisha hazirudishi hivyo. Na usipime kwa kuzungusha upande wake wa kawaida, utadanganyika: Briggs nyingi za zamani huacha valvu wazi kidogo ili injini iwe nyepesi kuwasha, kwa hiyo hata nzima huonekana legevu. Wangapi wamechongewa silinda bure kwa sababu hiyo!

Basi kompreshoni ipo. Cheche ipo, petroli inafika. Lakini tukipiga starta inapiga teke, inakohoa, inatema moto kwenye kabureta. Ukiona vyote vitatu vipo na bado haiwaki, uliza kama cheche inakuja kwa wakati wake.

Tukang'oa flaiwili, maana sumaku yake ndiyo inayozaa cheche. Ile kii ndogo ya alumini, kipande kinachokaa kwenye mfereji kati ya flaiwili na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ilikuwa imekatika, nusu huku nusu kule, na shingo ya krenki imepakwa grisi nyeusi. Hapo nikajua. Wanafunzi wengi hudhani kii ndiyo inayoishika flaiwili. Hapana. Kinachoishika ni shingo ile iliyochongoka, kavu na safi, ikibanwa na nati. Kii inaonyesha mahali pa kukaa tu. Ukipaka grisi ukakaza nati kwa kukisia, flaiwili inateleza, kii inakatika, na cheche inahama.

Mwanafunzi wangu akaenda akachonga kii ya chuma, akaniletea akitabasamu. Kazi nzuri ya tupa, sikatai, ila sikuifunga. Alumini imewekwa pale kwa makusudi, ikatike yenyewe kabla ya kitu cha bei. Ukiweka chuma, siku ya msukosuko utapasua flaiwili au uharibu krenki, na hiyo ndiyo safari ya kweli ya Kisekka. Tulinunua ya alumini, tukafuta shingo mpaka ikang'aa, tukakaza kwa spana ya kupimia mkazo. Iliwaka mara ya pili.

Kutoa flaiwili tumia pula, kifaa cha kuivuta itoke. Usipige nyundo kichwani mwa krenki wala usichokonoe kwa bisibisi pembeni.

Kabla ya kuifunga, angalia pointi zilizo chini yake, vile vibati vinavyofunga na kukata umeme wa cheche. Kwa Briggs nyingi za zamani nafasi ni inchi 0.020, kama nusu milimita. Pima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Zikiwa na kutu nyepesi, pitisha karatasi safi baada ya msasa, maana chembe moja ya msasa inatosha kukuzuia mchana kutwa.

Sasa spana. Mashine hizi ni za inchi, na sanduku lako nadhani ni la milimita. Nati ya 9/16 ni milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza na kula kona. Ya 1/2 ni 12.7, kwa hiyo 13 hushika shika tu, na nati yenye kutu haitakusamehe. Ya 5/8 unaweza kutumia 16 bila shida. Nunua seti ya inchi hata iliyotumika, kabla hujanunua kitu kingine chochote. Nati zenye vichwa vya mviringo ninazoletewa hapa, karibu zote zimeharibiwa na spana ya 15.

Kabureta sitaisema sana. Petroli ikikaa miezi tankini inageuka gundi na kuziba jeti, kitundu kinachopitisha petroli. Zibua kwa uzi mmoja wa waya wa shaba. Sindano ya chuma hupanua tundu, halafu utashangaa injini inakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi.

Oili, weka SAE 30, na kwa joto na vumbi letu badilisha kila saa 25 za kazi. Na kila ukitoa bati la feni, safisha mapezi ya silinda. Ile ya Njeru tulitoa nyasi kavu kiganja kizima na kiota cha panya, watoto wanne ndani, na mwenye trekta akaapa kwamba ilikuwa inafanyiwa sevisi.