Ukienda kupiga picha ya kongosho, taja ugonjwa wa ukoo

Kwetu Rungwe, mtu akiambiwa ana uvimbe kwenye kongosho, ndugu huanza kupigiana simu kabla ripoti haijasomwa mpaka mwisho. Hofu hiyo naijua. Mdogo wangu ana ugonjwa wa Von Hippel-Lindau, kwa kifupi VHL. Ni wa kurithi: mzazi akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuupata. Huotesha vivimbe kwenye macho, ubongo, uti wa mgongo, figo, tezi zilizo juu ya figo, na kongosho. Mimi ndiye ninayemsindikiza kwenye vipimo, kuanzia Tukuyu hadi Mbeya mjini.

Jambo la kutuliza moyo ni kwamba kwa wenye VHL, vingi vinavyoonekana kwenye kongosho ni vifuko vya maji. Wapo ambao kongosho limejaa vifuko hivyo na wanalima, wanakula, wanalala vizuri. Madaktari wanachokitafuta hasa ni uvimbe wa nyama. Huo, kwa wenye VHL, mara nyingi hauumi wala hautoi dalili yoyote, kwa hiyo usisubiri maumivu ndipo uende.

Ultrasaundi ni mwanzo tu. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na gesi huliziba. Ripoti ikisema halikuonekana vizuri, usirudi nyumbani ukishangilia. Kipimo hicho hakijajibu swali lako.

Kwenye CT scan ndipo nasisitiza zaidi. Uvimbe wa nyama wa aina hii una mishipa mingi ya damu. Dawa ya kung'arisha picha ikichomwa mkononi, uvimbe unang'aa mapema, ndani ya nusu dakika hivi, kisha unafifia na kufanana na kongosho lenyewe. Picha zikipigwa za kuchelewa peke yake, uvimbe mdogo unaweza kupita bila kuonekana. Fomu yetu ya kwanza iliandikwa "maumivu ya tumbo", basi. Mpiga picha angejuaje? Safari iliyofuata nilimwomba daktari aandike waziwazi: mgonjwa ana VHL, tunatafuta uvimbe wa kongosho. Wakapiga za mapema na za baadaye, na kadoa kalikong'aa kwenye zile za mapema, kwenye za baadaye hukaoni kabisa.

MRI ikipatikana na mfuko ukiruhusu, ulizia hiyo. Haina mionzi, na mtu wa VHL atapigwa picha maisha yake yote. Vifuko vya maji navyo inavionyesha vizuri sana. Kwa vyovyote, figo zipimwe kwanza kabla ya dawa ya picha, maana VHL huzishambulia nazo.

Halafu tunza picha zenyewe kwenye CD, usibaki na karatasi ya ripoti tu. Mvua ya Tukuyu mnaifahamu. Za mdogo wangu nazifunga kwenye kava la plastiki. Ripoti moja ilisema milimita 14, iliyofuata 16, nyumbani tukaanza kulia. Daktari akaziweka picha zote mbili kwenye skrini, akapima mwenyewe sehemu ileile, akatuonyesha kuwa uvimbe haujasogea. Wapimaji wawili tu walikuwa wamepima tofauti. Uvimbe ulio chini ya sentimita 2 kwa kawaida hufuatiliwa. Ukikaribia 3 ndipo upasuaji huzungumzwa, pamoja na kasi ya kukua na mahali ulipo.

Na kama upasuaji wowote umepangwa, hata usiohusu kongosho, mwambieni daktari wa usingizi kuhusu VHL na muombe homoni za zile tezi za juu ya figo zipimwe kwanza, kwa damu au mkojo. Uvimbe wa huko usiojulikana unaweza kupandisha presha ghafla mgonjwa akiwa mezani.