Mwanangu, kuhusu ile masters uliyoniuliza

Mwanangu,

Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nafunga steshonari, ya pili niko kitandani, nikaona bora nikuandikie maana kwa simu ntaongea haraka afu nisahau la maana. Umeniuliza hivi: mama, nina digrii ya uhasibu, mwaka wa pili huu nakaa kwa mjomba Mbagala, interview tatu zote wameniuliza nimeshawahi kufanya nini na sina cha kusema, sasa nirudi chuo nikasome masters au niendelee kusubiri? Na mwishoni ukasema unaogopa umetupotezea hela. Hilo la hela litoe kichwani leo hii. Mi na baba yako tungeitoa tena kesho.

Ila masters sa hivi, hapana mama. Ili unielewe itabidi nianze na yangu.

Mi nilimaliza Chuo cha Uhazili Tabora mwaka 1988. Cheti kilisema nachapa maneno 50 kwa dakika, na hatimkato, yale maandishi ya alama za haraka, maneno 80, na enzi hizo ukiwa na cheti hicho hukai nyumbani, nikaajiriwa shirika la umma hapa Morogoro nikajua ndo basi, ntachapa barua mpaka nistaafu. Mwaka 1995 tukapunguzwa. Tulitoka wachapaji saba siku moja, wote tuna vyeti vizuri tu. Nikazunguka maofisi na bahasha yangu ya kaki, kila ninapoingia nakuta taipureta imefunikwa kitambaa pembeni, mezani kuna kompyuta, naulizwa unajua WordPerfect? Sijui. Haya dada, asante.

Kulikuwa na kijana ana kiofisi cha kuchapa karibu na stendi, kompyuta mbili. Nikamlipa kozi ya wiki mbili, ile skrini ya bluu maandishi meupe, wiki mbili zinaisha najua kuwasha, kuzima na kubonyeza F7 ya kutoka. Ndo nikamwomba nije kila jioni nimchapie kazi za wateja bila malipo, baba yako hakupenda na nilimuelewa, ndani hela hamna afu mke anaenda kufanya kazi ya bure. Mwezi wa pili nachapa ripoti ya mwanafunzi wa SUA, kile chuo cha kilimo, kurasa 40, umeme ukakatika sijasevu. Yule mwanafunzi alikaa palepale mlangoni akalia, alikuwa anakabidhi kesho yake asubuhi. Umeme ulirudi saa nne usiku nikachapa mpaka alfajiri, na tangu siku hiyo kila kurasa mbili nasevu, na kazi ya mtu naiweka kwenye disketi mbili. Kusevu walinifundisha kwenye kozi mwanangu, hata daftarini nilikuwa nimeandika. Lakini kusevu nilikujulia usiku ule, mbele ya mtu anayelia.

Na kazi hiyo ya kuchapa nayo haikukaa milele. Unakumbuka ukiwa mdogo watu walikuwa wanapanga foleni kuchapisha risechi? Sa hivi kila mwanafunzi ana laptop yake, na hizi AI zinamwandikia barua akiwa kitandani, kuchapa kumebaki kidogo sana. Kinacholisha nyumba sa hivi sikukisomea popote: watoto wa form six wanaoomba mkopo wa chuo HESLB na vyeti vyao vya kuzaliwa vinatakiwa vihakikiwe RITA, wale wa vizazi na vifo, mtu anatafuta TIN, namba ya mlipakodi, mwingine Ajira Portal ya kuombea kazi serikalini imemkatalia kuapload cheti. Nilijifunza kwa kukaa na mteja mmoja aliyekwama mpaka akakwamuka, anayefuata na tatizo lile lile namalizana naye dakika kumi.

Sasa nije kwako. Ulinisimulia siku moja kwamba chuoni formula za Excel mliziandika kwenye karatasi ya mtihani bila kugusa kompyuta. Ile kauli iliniuma na bado inaniuma. Maana yake unajua uhasibu, ila hamna mtu aliyewahi kukupa hesabu zake ukazishika mkononi zikiwa chafu, na wale wa interview ndo hicho walikuwa wanakitafuta. Masters itakuongezea hicho cha kwanza tu, kujua. Afu kumbuka una deni la bodi ya mikopo, siku ukiajiriwa wanakata 15% ya mshahara wako, usijiongezee ada nyingine juu yake kabla hujashika hata mia.

Na kusubiri nako sikutaki. Binamu yako wa Kilosa alisubiri miaka mitatu na digrii yake ya sosholojia, afu akaenda VETA kozi fupi ya umeme wa majumbani, watu wakasema amejishusha, hata shangazi yako alisema. Leo anafanya wiring nyumba za watu na anaandika kwotesheni na kuongea na wateja kuliko mafundi wenzie wote, maana shule anayo. Hakuitupa.

We ya kwako iko karibu zaidi na ulichosomea. Angalia wenye maduka. Karibu kila mmoja ana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, karibu kila mmoja anaiogopa. PAYE, kodi ya mishahara ya wafanyakazi, ni tarehe 7, ritani yaani taarifa ya VAT tarehe 20, kila mwezi, na ikifika tarehe 18 wanakuja hapa kwangu wameshika risiti kwenye mfuko, nyingine zimeshafutika maandishi, nyingine za manunuzi hazina hata TIN yake, anataka nimuingizie tu kwenye mfumo amalize. Mi kubonyeza najua. Ila akiniuliza mbona kodi imekuwa kubwa hivi mwezi huu, sina jibu, namwambia ndo mfumo ulivyosema, na roho inanisuta kwa sababu pengine analipa ambacho hakutakiwa kulipa. Jibu la swali lile unalo wewe, limekaa kwenye madaftari yako Mbagala.

Kozi za kwenye simu endelea nazo, sikatazi, ila usikusanye vyeti vya mtandaoni kama stika. Ukimaliza somo la Excel leo, kesho itumie kwenye hesabu za mtu. Na kila kazi andika pembeni ulikuta nini na umeacha nini, mfano duka halikuwa na daftari la stoku sasa linalo, hicho ndo utamwambia anayekuuliza umeshafanya nini. Ukiwa na wateja wako watatu wanne ndo tuongelee mitihani ya NBAA, ile bodi ya wahasibu, ipo Mei na Novemba, hiyo ntakulipia mwenyewe kwa moyo mmoja. Na masters ikija baadaye utaenda na maswali yako mwenyewe.

Najua utasema ukija huku Morogoro wenzio wataona umerudi kwa mama. Waone. Mjomba nimeshaongea naye na hajakasirika, chumba chako anakiacha.

Njoo Ijumaa na treni ya jioni, nauli natuma kwa simu kesho asubuhi. Kuna mama wa duka la vifaa vya ujenzi Msamvu, mwenye yale mabati ya rangi, nimemwambia nina binti mhasibu, akasema mlete. Mwezi wa kwanza atakupa nauli na chakula tu, nimekubali kwa niaba yako, unisamehe, wa pili mtapatana wenyewe na mi sitoingilia. Kaleta maboksi mawili ya risiti tangu Januari, nimeyaweka chumba cha nyuma kwenye ile meza yako ya kusomea. Usisahau chaja ya laptop.

Mama yako