Kadesh Ramses hakushinda

Hapana ndugu, wanaosema farao Ramses II wa Misri aliwapiga Wahiti (dola ya kale iliyokuwa Uturuki ya leo) kwenye vita vya Kadesh, mji uliokuwa Syria ya leo, wanakosea, ile ngoma ilikuwa droo na kama kuna aliyetoka na faida basi ni mfalme wao Muwatalli II, maana vita vimeisha mji wenyewe umebaki mikononi mwa Wahiti na Ramses karudi zake Misri. Huo "ushindi" tunaosimuliwa kila siku ni ule aliochongesha mwenyewe kwenye kuta za mahekalu yake, Abu Simbel, Luxor na kwingine, unategemea angeandika nini? Upande wa pili tumeanza kuusikia 1906 walipochimba Hattusa mji mkuu wa Wahiti, leo ni Boğazkale huko Uturuki, wakakuta maelfu ya vibao vya udongo na humo ndani ipo nakala ya mkataba wa amani kati ya Ramses na Hattusili III, mfalme wa Wahiti wakati huo, kama 1259 KK hivi, miaka 15 baada ya vita. Na kwenye mkataba wanaongea kama ndugu kabisa, sio mshindi na aliyeshindwa. Ila tumpe Ramses haki yake, alishtukizwa na magari ya vita ya Wahiti na bado akaokoa jeshi lisiangamie lote, hiyo sio kazi ndogo.