Maswali Yenu: Klipu, Darsa na Ndoto ya Sheikh Ahmad

Ustadh, nimetumiwa ujumbe kuwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) Madina, ameota Kiyama kimekaribia. Nisipousambaza kwa watu ishirini nitapatwa na msiba. Nimeshausambaza, ila nina shaka. (Tanga)

Unasambaza kwanza, shaka baadaye! Huyo Sheikh Ahmad hazeeki. Mwaka 1908, enzi za Wajerumani, barua ya ndoto hiyohiyo ilizagaa Lindi hadi serikali ya kikoloni ikaingiwa na hofu ya uasi. Baadaye Sheikh Ibn Baz wa Saudia aliandika kuikanusha. Soma Al-Hujurat aya ya 6, inayotaka habari ichunguzwe kwanza, kisha warudie hao ishirini mmoja mmoja uwaambie ni uzushi. Na anayekutisha kwa msiba ili usambaze maneno yake, leo ni ndoto, kesho atakuomba mchango.

"Tafuteni elimu hata China" ni hadithi?

Mwanachuoni Ibn al-Jawzi aliiweka kwenye kitabu chake cha hadithi za kuzushwa. Iondoeni kwenye bango la madrasa.

Mimi na wenzangu tumerudi kwenye dini kwa video za YouTube na TikTok. Wazee msikitini wanatubeza. Tumekosea? (Mombasa)

Hamkukosea. Wazee nao wajibu swali hili: walipowaona mnapotea, nani aliwafuata? Hapo hapo Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitumia chombo cha zama zake. Mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Lakini alikuwa pia mwalimu wa kukaliwa mbele, kitabu mkononi. Mwanafunzi wake Muhammad Kasim Mazrui akaja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, kama yeye.

Klipu haikusikii ukikosea Fatiha. Tafuteni mwalimu, mwanze na Safina, kitabu kidogo cha fiqhi, yaani sheria za dini, mmalize twahara na sala. Naona vijana wasiojua nguzo za udhu wanakufurishana kwenye maoni usiku kucha! Na mhubiri ambaye kila video yake ni kumtoa mtu kwenye Uislamu, mkimbieni, hata awe na wafuasi milioni.

Mume wangu ameniandikia talaka WhatsApp. Mtandaoni wameniambia haijapita.

Usifute ujumbe. Nenda kwa kadhi na simu yako, leo. Talaka ya maandishi hutazamwa na nia ya mwandishi, na hao waliokujibu hawamjui mumeo wala fiqhi.

Maulidi ni bidaa (uzushi katika dini) au si bidaa? Jibu neno moja tu.

Swali la kila Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Masheikh wamelijadili kwa vitabu vizima. Wewe unataka neno moja umrushie shemeji yako. Sikupi.