Likizo ya Desemba: kijiti uani, chupa ya mvua na glasi tatu za hamira

Shule zikifungwa mapema Desemba, wazazi wengi hukimbilia tuisheni, au hununua kitabu cha mazoezi ambacho hadi Krismasi kimejazwa kurasa nne tu. Na mwezi huu una mambo yake ambayo darasani hayapatikani. Jua limehamia kusini, vuli bado inanyesha, kaskazi inaanza kuvuma Pwani, na mtoto ana wiki kadhaa za kurudia jambo lile lile mpaka limwelee. Huko kurudia ndiko kunakomfunza: apime leo, kesho abadilishe kitu kimoja, kisha alinganishe. Nunua daftari dogo, rula na penseli. Daftari hilo usilisahihishe kwa kalamu nyekundu.

Kijiti na kivuli

Hii inamfaa mtoto wa miaka 8 na kuendelea. Tafuta mti wa ufagio ulionyooka, uchimbie ardhini mahali ambapo jua la mchana halizibwi na ukuta wala mwembe, na ubaki mita 1 kamili juu ya ardhi. Uani pakiwa na sementi, usimamishe kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga, urefu uhesabiwe kuanzia sakafuni. Kisha funga kokoto kwenye uzi, uining'inize kando ya kijiti na mkague pande mbili kama kimesimama wima. Msiruke hatua hii: kijiti kikiinama nyuzi 2 tu, kivuli kinaweza kukosea kwa sentimita 3 na zaidi, na mtoto atajiona hajui kupima kumbe kosa ni la kijiti.

Watu wengi humwambia mtoto asubiri kivuli kifupi kuliko vyote, hapo ndipo adhuhuri. Kwa nadharia ni sawa, ila kwa macho haiwezekani. Karibu na adhuhuri, dakika 10 hukibadilisha kivuli kwa milimita 3 hivi, na ncha yenyewe ina ukungu wa karibu sentimita nzima. Fanyeni hivi badala yake. Saa tano na dakika 20, mtoto apigilie msumari kwenye ncha ya kivuli. Kwa Dar es Salaam kitakuwa na sentimita kama 40. Afunge uzi chini ya kijiti, aupime ufike kwenye msumari, achore duara. Kivuli kitafupika, kitaingia ndani ya duara, halafu kitarefuka tena. Ncha ikigusa duara kwa mara ya pili, apigilie msumari wa pili. Mstari unaotoka kwenye kijiti na kupita katikati ya misumari hiyo miwili unaelekea kaskazini halisi. Aandike saa ya kila msumari: katikati ya saa hizo mbili ndiyo adhuhuri ya jua.

Hapo maswali yatakuja yenyewe. La kwanza: mbona adhuhuri si saa sita kamili? Dar es Salaam, karibu na Krismasi, huangukia saa sita na dakika 23, mwanzoni mwa Desemba saa sita na dakika 12. Saa zetu zimepangwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko kwenye nyuzi 39 na kitu, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Kigoma, mbali magharibi, jua la Krismasi hufika kilele saa saba imeshapita kwa dakika moja hivi. Anayeishi Mwanza au Kigoma asogeze muda wa kuanza mbele kwa nusu saa.

La pili ni zuri zaidi: mbona kivuli kinaangukia kaskazini? Kwa sababu Desemba jua linapita kusini kwetu. Tarehe 22 Desemba, kijiti cha mita 1 hutoa kivuli cha adhuhuri cha sentimita 30 Dar es Salaam, 35 Mombasa, 38 Mwanza na 26 tu Mbeya. Mwombeni binamu aliye mkoani asimamishe kijiti chake siku hiyo hiyo, kisha wapigiane simu. Tofauti ya sentimita chache kati ya nyumba mbili humweleza mtoto umbo la dunia kuliko tufe la plastiki. Mkiacha kijiti hapo hapo, Juni kivuli kitaangukia upande wa pili.

Chupa ya mvua

Chagua chupa ya maji ya lita 1.5 yenye ubavu laini. Zile zenye mikunjo mingi hudanganya kipimo. Ikate pale mabega yanapoishia na upana ukawa sawa na wa mwili, si juu zaidi, kwa sababu mdomo ukiwa mwembamba kuliko mwili utakusanya mvua pungufu. Toa kifuniko, pindua sehemu ya juu ikae kama faneli, bana kwa selotepu. Kitako cha chupa kina vibonde, kwa hiyo tia kokoto chache, mimina maji yafunike vibonde vyote, na hapo chora mstari wa sifuri. Kuanzia mstari huo bandika rula. Kokoto ziishie chini ya mstari. Zikitokeza juu yake zitayapandisha maji kwa uongo.

Iwekeni mbali na paa na miti, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu, na izungushieni mawe isipeperushwe. Isomwe kila siku saa tatu asubuhi, muda ule ule ambao vituo vya hali ya hewa nchini husoma mvua, jicho likiwa usawa wa maji. Baada ya kusoma, yamwagwe mpaka mstari wa sifuri, na siku kavu yabadilishwe kabisa. Chupa iliyosahauliwa wiki nzima ni kitalu cha mbu.

Hesabu tamu ni hii. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita mraba. Mtoto apime kwa hatua eneo lililofunikwa na bati la nyumba. Tuseme mita 6 kwa 4, yaani mita mraba 24. Ikinyesha milimita 10, bati limepokea lita 240, ndoo 12 za lita 20. Sasa akahesabu ndoo zilizojaa kweli. Zikiwa 8, nne zimekwenda wapi? Akague mfereji wa bati unapovuja. Mkiwa Dodoma, Mbeya au Songea, ambako msimu ni mmoja, Novemba hadi Aprili, jedwali lake la mvua halikatiki likizo ikiisha.

Glasi tatu kabla ya vitumbua

Weka glasi tatu: ya maji ya baridi, ya vuguvugu linalostahimilika kidoleni, na ya maji yaliyotoka kuchemka. Kila moja itiwe sukari kijiko 1 cha chai na hamira nusu kijiko. Baada ya dakika 15, ya vuguvugu ina povu, ya baridi inajikongoja, ya moto imekufa. Zote zikipoa, ya moto haifufuki, na mtoto ameshajua kwa nini unga wa mama fulani haukuumuka.

Ndipo muingie kwenye vitumbua: mchele vikombe 2 ulioloweka usiku kucha, tui zito kikombe 1 na robo, sukari nusu kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, iliki. Sagia kwenye blenda mpaka mchele usisikike vidoleni, acha uumuke kama saa moja. Mwachie mtoto ahesabu vipimo vya nusu ya kiasi hicho, robo za vikombe zitamchosha kidogo. Uji ukiachwa mno unachachuka. Moto ukiwa mkali, nje kunaungua na ndani kunabaki kibichi. Mafuta na chuma ni kazi ya mtu mzima. Mtoto ahesabu dakika.

Tiara

Kwa walio Pwani. Chelewa mbili imara, ya sentimita 60 na ya 50, zipishane kwenye robo ya juu ya ile ndefu, zifungwe kwa uzi. Gazeti linatosha, na gundi ni unga wa ngano vijiko 2 uliopikwa na robo kikombe cha maji. Mkia uanze na mita 2 za vipande vya kitambaa. Tiara ikizungukazunguka, ongeza mkia. Ikigoma kupaa, punguza, kila safari kwa sentimita 20, na aandike. Irushwe ufukweni au uwanjani, kamwe si karibu na nyaya za umeme, na ikinasa kwenye nguzo iachwe huko huko, atatengeneza nyingine jioni.