Mzani ukigoma, usikimbilie kuongeza kilomita

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mwanza aliniandikia hivi: "Dada, shikamoo. Nilianza na kilo 98, nikashuka mpaka 86. Soda nimeacha, asubuhi nakimbia mpaka majirani wameshanizoea, lakini tangu Pasaka mzani haushuki hata robo. Mume wangu anasema najisumbua. Niongeze mbio, au usiku nisile kabisa?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiongeze mbio, na usiku ule. Nitakueleza kwa nini, maana hayo unayopitia nimeyapitia, na yaliniumiza kuliko njaa yenyewe.

Mimi nilianza na kilo 94. Miezi ya mwanzo siisimulii, kila aliyewahi kupungua anaijua raha yake. Nilipofika 81, mzani ukagoma. Chakula ni kilekile, matembezi ni yaleyale, vyuma nanyanyua kama kawaida, na bado wiki zinapita namba haisogei. Siku moja jimu ninayofanyia mazoezi hapa Tabata, mwalimu akaniambia mbele ya watu: "Dada, hapa unajitahidi, ila nyumbani unakula kwa kujificha." Watu wakacheka. Nilimaliza zamu yangu, nikaoga, nikaondoka, nikalia kwenye bajaji. Mimi nilikuwa napima chakula changu kwa mzani wa jikoni na kuandika kila kitu daftarini. Wiki hiyohiyo, kwenye shughuli ya ukweni, shangazi wa mume wangu akanivuta pembeni: "Mwanangu, umekwisha hivi, unaumwa?" Kwa mmoja mimi mwongo, kwa mwingine mgonjwa. Mpaka leo nikilikumbuka lile neno la mwalimu moyo unachoma, kwa sababu jibu lilikuwa hesabu ndogo tu, na yeye ndiye aliyepaswa kuijua.

Hesabu yenyewe ni hii. Tangu mwaka 1990 wataalamu wa lishe wanatumia kanuni ya Mifflin-St Jeor kukadiria kalori ambazo mwili unatumia ukiwa umepumzika tu. Chukua kilo zako uzidishe kwa 10, ongeza urefu wako kwa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, toa umri wako uliozidishwa kwa 5, kisha mwanamke anatoa 161, mwanamume anaongeza 5. Kwa urefu wangu wa sentimita 162 na umri wa miaka 38, nikiwa na kilo 94 nilipata kama 1,600. Nikiwa na 81, kama 1,470. Yaani kalori 130 zimeondoka kila siku kabla hata sijashuka kitandani. Ukizidisha kwa 1.4, kwa mtu mwenye kazi ya kukaa na matembezi kiasi, matumizi ya siku nzima yalitoka 2,240 hadi kama 2,060. Chakula changu kilikuwa 1,900 tangu mwanzo. Pengo lililokuwa linanipunguza lilikuwa limebaki dogo mno.

Na hata hilo dogo mwili ulilimeza. Mtu anayepungua hutumia nguvu kidogo kuliko hata hesabu inavyosema. Mshahara ukipungua, nyumba inabana matumizi bila mtu kutangaza. Mwili nao ni hivyo. Unakaa zaidi, unapanda ngazi polepole, unamtuma mtoto dukani badala ya kwenda mwenyewe, wala huoni kama umebadilika. Pia mwili mwepesi hugharimu kidogo kuusogeza: kilomita moja ya mtu wa kilo 81 haichomi sawa na ya mtu wa kilo 94.

Sasa kwa nini nakukataza kuongeza mbio? Ushahidi mmoja mzuri umetoka hapa kwetu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume wao wanatembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Walipimwa kwa maji maalumu yanayoonyesha kalori halisi mwili ulizotumia. Ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya kalori zao kwa siku haikutofautiana na ya Wamarekani na Wazungu wanaokaa ofisini. Kwa jinsi Pontzer anavyolieleza jambo hili, ukizidisha mazoezi mwili unafidia kwa kubana kwingine. Kuna nafuu fulani, lakini si ile unayoiota ukiwa unatokwa na jasho.

Jikoni ndiko kwenye namba kubwa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita 5 anatumia kama 250 hadi 300. Vijiko viwili na nusu vya mafuta vimefuta matembezi yote ya asubuhi, na ukipika mchicha kwa kukisia mkono, vijiko hivyo huvioni. Sipendi kabisa watu wanaowatisha wenzao kuhusu ugali na kuyaacha mafuta. Ugali hauna kosa. Kilichokaa nao sahani moja ndicho cha kupima.

Na wala simwiti mtu mwongo. Mwaka 1992 huko New York walipimwa watu waliokuwa wakisema wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui. Kwa wastani waliandika kama 1,030, wakati ukweli ulikuwa kama 2,080. Miili yao ilitumia nguvu kama kawaida, na mioyoni walikuwa wakweli. Macho ya binadamu hayawezi kupima mafuta, karanga, wala kijiko cha kuonja wakati wa kupika. Kwa hiyo, kama wewe hupimi, anza hapo kabla ya kugusa jambo jingine lolote. Wiki mbili za kupima zitakuonyesha mengi.

Ukishapima, piga hesabu upya kwa mwili ulio nao leo, achana na ule wa kilo 98. Mimi nilipunguza kama kalori 200, na zote nilizitoa kwenye mafuta na sukari ya chai. Chakula chenyewe sikukigusa, nikaongeza protini: mayai, maharage, samaki, dagaa. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na wewe uko Mwanza, wanakungoja sokoni. Protini inashibisha, inalinda misuli, na mwili unatumia nguvu zaidi kuisaga kuliko wanga au mafuta. Vyuma usiache, mara mbili kwa wiki angalau, kwa sababu misuli ukiipoteza utashindwa kuishi na uzito wako mpya. Mwendo mwingine uwe wa kawaida: shuka daladala kituo kimoja kabla, dukani nenda mwenyewe.

Kulala njaa sikushauri. Mwaka 2016 Kevin Hall alichapisha vipimo vya watu 14 walioshiriki shindano la runinga la kupungua huko Marekani, waliokuwa wamekamuliwa kwa mazoezi makali na chakula kidogo. Miaka 6 baadaye wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na miili yao ilitumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Ndugu zangu, haraka ya nini?

Mimi niko kilo 72 sasa. Kilo hizi 9 za mwisho zilichukua muda mrefu kuliko zile 13 za kwanza, na ninajivunia hizi zaidi.

Mzani nao usiuamini kwa siku moja. Chumvi ya jana, siku za hedhi, hata maumivu ya misuli baada ya vyuma vipya, vyote vinashika maji. Jipime kila asubuhi ukitoka msalani, chukua wastani wa wiki, ulinganishe na wa wiki iliyotangulia. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani.

Ukipima chakula kweli kwa mwezi mzima na wastani ukabaki palepale, nenda hospitali ukapimwe thairoidi, ile tezi ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili kutumia nguvu. Beba daftari lako, na mtajie daktari kila dawa unayotumia, ikiwemo sindano ya uzazi wa mpango, maana baadhi ya dawa huongeza uzito. Kama unanyonyesha au una kisukari, nenda kwanza hospitali kabla hujapunguza hata kijiko.