Masafa ya daraja ni yapi?

SWALI: Ninasomea uhandisi wa ujenzi na ninaandika kwa Kiswahili muhtasari wa tasnifu yangu kuhusu upimaji wa mitetemo ya madaraja. Wenzangu wanaandika "kikoa cha wakati" na "kikoa cha masafa". Je, "kikoa" ni neno sahihi hapo?

JIBU: Kikoa hakina ugomvi na mtu. Wazee walikula kikoa, yaani kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Siku hizi watu wa kompyuta wamelikabidhi neno hilo kazi nyingine, ya kutaja eneo la jambo fulani, na limeizoea. Liache. Kinachonikera ni jirani yake, ambaye wewe hata hukumuuliza.

Masafa ni umbali. Tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana hiyohiyo, na mkimbiaji wa masafa marefu bado analielewa hivyo. Watangazaji wa redio waliposema "masafa mafupi, mita 31" walikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa mita hizo ni umbali kutoka kilele cha wimbi hadi kilele kinachofuata. Kisha ikaja FM, nao wakalibeba neno lilelile wakalibandika kwenye megahezi, ambazo si umbali bali ni idadi ya mizunguko kwa sekunde. Sasa masafa yakiwa mafupi, masafa yanakuwa makubwa. Sentensi hiyo ni kweli tupu, kwani wimbi likifupika mizunguko yake kwa sekunde huongezeka, na haifai kusomwa na mtu mwenye presha.

Lipeleke neno hilo darajani. Daraja la Milenia la London, la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000, likayumba ubavuni, likafungwa siku mbili baadaye. Mtu hupiga kama hatua mbili kwa sekunde, lakini mguu wa kushoto husukuma kushoto na wa kulia husukuma kulia, kwa hiyo msukumo wa ubavuni hukamilisha mzunguko mmoja tu kwa sekunde: hezi 1. Daraja nalo lilikuwa na mtikisiko wake wa asili karibu na hapo. Likaitikia. Watu wakatanua miguu wasianguke, wakajikuta wanakwenda sambamba nalo, wakalizidishia. Lilifunguliwa tena 2002, likiwa limewekewa vizuia mtikisiko.

Kihisi kwenye daraja kama hilo hutoa mstari unaopanda na kushuka kadiri wakati unavyopita, vurugu tupu: hicho ndicho kikoa cha wakati. Hesabu za Fourier, Mfaransa aliyekuwa akishughulika na joto, huuchambua mstari huo na kuonyesha kila mwendo uliomo unarudi mara ngapi kwa sekunde: hicho ndicho wenzako wanachokiita kikoa cha masafa. Sikio hufanya hivyohivyo ngomani, likitenga vumi na chapuo.

Haya, andika: "Daraja liliyumba kwa masafa madogo." Msomaji aelewe nini? Kwamba liliyumba sentimita chache, au kwamba lilichukua sekunde nzima kwenda na kurudi? Mhandisi anayeagiza vizuia mtikisiko anahitaji vyote viwili, nawe umempa kimoja bila kumwambia ni kipi. Kibaya zaidi ni "masafa ya vipimo". Ni pengo kati ya kipimo na kipimo, au ni idadi ya vipimo kwa sekunde? Ukipima mara 10 kwa sekunde, mtikisiko unaozidi hezi 5 hutauona ulivyo. Utajitokeza umejivika sura ya mtikisiko mwingine wa polepole. Na aliyesoma "masafa 10" akakitega kifaa kipime kila baada ya sekunde 10, huyo atakuletea kabrasha zima la uongo.

Badala ya "masafa" mimi nasema "marudio". Najua yananuka tamthilia ya jana usiku. Hata hivyo yanasema jambo lenyewe. Andika "kikoa cha marudio", na mara ya kwanza ufafanue kuwa ni idadi ya mizunguko kwa sekunde. Watangazaji waachie masafa yao. Nimewalalamikia vya kutosha, na FM imeshinda. Msimamizi wako akishikilia "masafa", mkubalie upate shahada yako, ila kwenye jedwali andika hezi kando ya kila tarakimu.